Duncan, Theil, Moran au miguu yako: uchague kipimo gani cha utengano wa mitaa?

Kangemi na Kitisuru ni wadi za jimbo moja la Westlands, Nairobi. Kangemi nyumba zimebanana, vyumba vya mabati vimeegemea ghorofa za kupangisha. Kitisuru ni ua, geti, mlinzi na miti. Lakini chukua ramani ya jiji iliyopakwa rangi kwa wastani wa jimbo, utakuta zote mbili zina rangi moja, tena rangi ya walio na nafuu. Mtu wa Kangemi akiiona atauliza kama mchoraji aliwahi kushuka kwenye matatu pale stejini.

Makala haya ni ya anayetaka kupima utengano huu kwa namba: mwanafunzi wa mipango miji, mwandishi wa habari, au mtu wa shirika la mtaani anayejiandaa kwenda kubishana na kaunti kuhusu bajeti ya maji. Vipimo ni vingi. Mwaka 1988 Douglas Massey na Nancy Denton walikusanya 20 vilivyokuwa vikitumika Marekani, wakaona vinagusa pande tano za jambo moja: usawa wa mtawanyiko wa makundi, uwezekano wa kukutana, msongamano katika eneo dogo, ukaribu na kitovu cha mji, na kushikana kwa mitaa inayofanana. Sitavipitia vyote. Nitalinganisha vile ambavyo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuvifikia, nami sitaficha ninakoegemea: kwa mji kama Nairobi, mipaka uliyoikubali kabla ya kuanza hesabu ina uzito kuliko kanuni utakayoitumia.

Unamtenga nani na nani?

Kiswahili chenyewe kimehifadhi jibu la zamani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Dar es Salaam ilipangwa hivyo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe kizuizi kati ya Uhindini na Kariakoo. Nairobi nako, Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa 1913 kukagua afya ya miji, alipendekeza watu wakae mbalimbali kwa rangi zao. Hofu ya tauni ikawa hoja. Wazungu wakashika miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu. Wahindi wakawa Parklands, Ngara na Pangani. Waafrika wakapelekwa mashariki kwenye udongo mweusi unaonata: Pumwani kwanza, baadaye Kaloleni, Ziwani, Makongeni. Mpimaji wa enzi hizo angekuwa na kazi nyepesi, maana kundi lilisomwa usoni na mpaka ulikuwa kwenye karatasi za serikali.

Leo kinachogawa zaidi ni pesa, na pesa sensa haiulizi. Sensa ya Kenya ya 2019 iliuliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini. Sensa ya Tanzania ya 2022 haikuuliza kabila wala dini, kwa hiyo anayetaka kupima Dar kwa makundi hayo hana pa kuanzia, na sidhani kama ni hasara. Mpimaji hulazimika kuunda makundi yake kutokana na vitu vya nyumbani, na hapo ndipo wageni wengi huteleza. Nairobi paa la mabati halikuambii mengi, kwa sababu wapo matajiri na wapo maskini walioezeka mabati. Ukuta wa mabati ndio unaosema. Bomba ndani ya nyumba nalo siliamini sana. Kwenye maghorofa ya Pipeline kule Embakasi mfereji upo ukutani na mitungi ya lita 20 imepangwa ngazini, kwa sababu mfereji ni kitu kimoja na maji ni kitu kingine.

Tuchukue mji wa kubuni, ili hesabu zionekane. Una mitaa minne, kila mmoja kaya 1,000. "Wenye nacho" ni wale waliopita kigezo chochote ulichochagua.

| Mtaa | Wenye nacho | Wasio nacho |
|---|---|---|
| Mlimani | 400 | 600 |
| Sokoni | 300 | 700 |
| Relini | 80 | 920 |
| Bondeni | 20 | 980 |
| Jumla | 800 | 3,200 |

Mji mzima, basi, wenye nacho ni asilimia 20. Shika hiyo 20, tutairudia.

Fahirisi ya Duncan (D)

Hii ndiyo kongwe na ndiyo utakayoikuta kila mahali. Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan waliiweka mezani 1955, nayo haijaondoka. Kwa kila mtaa tafuta ni sehemu gani ya wenye nacho wote wa mji wanaoishi humo, na ni sehemu gani ya wasio nacho. Toa ndogo kwenye kubwa. Jumlisha tofauti za mitaa yote, gawanya kwa mbili. Mlimani ina nusu ya wenye nacho (0.5) na 0.1875 ya wasio nacho. Tofauti ni 0.3125. Sokoni ni 0.15625, Relini 0.1875, Bondeni 0.28125. Jumla 0.9375, nusu yake 0.47.

Uzuri wake ni kwamba namba hiyo inatamkika kwa maneno ya kawaida: asilimia 47 ya wenye nacho wangelazimika kuhama ili kila mtaa uwe na mchanganyiko sawa na wa mji mzima. Ukisema hivyo kwenye baraza, watu wanaelewa, na wengine wanacheka.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inajua makundi mawili tu. Wa pili ni kwamba haijali nani yuko jirani na nani, na hilo tutaliona kwa Moran. Wa tatu husahaulika: ukiwa na sampuli ndogo, D hupanda yenyewe. Ukihoji kaya kumi tu katika kila mtaa, bahati nasibu peke yake itafanya mitaa ionekane tofauti, nawe utatangaza utengano usiokuwapo. Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa mapato na matumizi ya kaya, hata uwe mzuri kiasi gani kwa kiwango cha kaunti, haufai kulinganishia Lindi na Makina, wadi mbili za Kibera.

Kuna pia viwango vinavyonakiliwa bila kufikiri: juu ya 0.60 ni utengano mkali, chini ya 0.30 ni mdogo. Vilizaliwa katika masomo ya weusi na weupe kwenye miji ya Marekani, vikipimwa kwa vipande vya sensa vyenye watu kama 4,000 kila kimoja. Kaunti ndogo ya Embakasi mwaka 2019 ilikuwa na watu 988,808. Huwezi kuchukua kiwango cha kile kipande kidogo ukakibandika kwenye hili jitu.

Mistari ya mipaka, kabla hatujaendelea

Rudi kwenye mitaa yetu minne, usimhamishe mtu hata mmoja. Unganisha Mlimani na Sokoni iwe wadi moja, Relini na Bondeni iwe ya pili. Piga D upya: 0.47. Haikusogea, kwa sababu umeunganisha mitaa iliyoko upande mmoja wa wastani. Sasa futa mistari hiyo, unganisha Mlimani na Bondeni, Sokoni na Relini. Wadi ya kwanza ina wenye nacho 420 kati ya kaya 2,000, ya pili 380 kati ya 2,000. D imeporomoka hadi 0.03. Watu ni wale wale, vitanda ni vile vile, na mji uliokuwa umegawanyika sasa ni wa kupigiwa mfano.

Wanajiografia wana jina refu la tatizo hili. Mimi huliita tatizo la kalamu ya mpaka. Nairobi limejaa. Jimbo la Kibra lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley/Kenyatta Golf Course. Nne za kwanza ndizo Kibera wanayoijua watu, ya tano ina nyumba za bustani na uwanja wa mpira karibu. Wastani wa Kibra si wa yeyote kati yao. Au tazama msongamano. Sensa ya 2019 inaipa Mathare watu 206,564 na msongamano wa karibu 69,000 kwa kilomita ya mraba, Lang'ata watu 197,489 na msongamano wa 911. Idadi zinakaribiana, msongamano unatofautiana zaidi ya mara 75. Ni kweli Karen, mtaa wa matajiri ulio Lang'ata, kuna nafasi, lakini sehemu ya pengo hilo ni simba na pundamilia: Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, imehesabiwa kama ardhi ya Lang'ata. Kabla ya kugawa watu kwa eneo, ondoa mbuga, msitu wa Karura, viwanja vya ndege na kambi za jeshi.

Hata jina la mtaa ni mpaka unaogombewa. Kwa miaka mingi Kibera ilitajwa kuwa na watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Kelele zilikuwa nyingi, na baadhi ya hoja zilihusu Kibera inaanzia wapi na kuishia wapi.

Mara ya kwanza nilipopiga D kwa kaunti ndogo 11 za Nairobi nilipata namba ya kupendeza, ndogo, nikaipeleka kwenye mkutano wa wakazi. Mzee mmoja akanisubiri nimalize.

"Mwanangu, hiyo namba yako imelihesabu geti la pale juu?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaihesabu tena."

Shida ni kwamba data inayopatikana bure iko kwenye kiwango kile kile kinachodanganya. Ripoti za sensa ya 2019 zinashuka hadi kata ndogo kwa idadi ya watu. Hali ya nyumba, maji na vyoo zimeishia kaunti ndogo. Ukitaka chini ya hapo, andika barua kwa Shirika la Kitaifa la Takwimu, ueleze kazi yako, usubiri. Wengine hukimbilia picha za setilaiti na kupima ukubwa wa mapaa. Google wametoa bure ramani ya majengo ya Afrika inayofaa kwa kazi hiyo. Ni njia nzuri Mathare, ambako paa dogo lina maana yake. Kule Pipeline itakucheza shere: paa kubwa la ghorofa lenye kaya mia moja chini yake linafanana, kutoka angani, na paa kubwa la familia moja Karen.

Fahirisi ya kujitenga

Duncan anauliza watu wametawanyika vipi. Fahirisi hii inauliza jambo ambalo mtu analihisi mwilini: nikitoka mlangoni, ninaowakuta ni wa aina yangu kwa kiasi gani? Kwa kila mtaa, zidisha sehemu ya kundi lako inayoishi humo kwa sehemu ya mtaa huo iliyo ya kundi lako, kisha jumlisha. Kwa wenye nacho wa mji wetu inatoka 0.32: kwa wastani wanaishi kwenye mitaa ambayo asilimia 32 ni wenzao. Kwa wasio nacho ni 0.83.

Hapa ndipo Duncan anashindwa kuona kitu. D ni 0.47 ukitazama kutoka upande wowote, ilhali maisha ya pande mbili hayafanani hata kidogo. Mwenye nacho wa mji huu bado anapishana na maskini kila siku. Maskini anaweza kukaa mwezi bila kuwa na jirani mwenye nacho. Kwa anayeandika kuhusu shule, au kazi zinazopatikana kwa kuambiwa na jirani, 0.83 ina maana kuliko 0.47.

Jihadhari tu na mtego wake. Wasio nacho ni asilimia 80 ya mji, kwa hiyo hata ungewachanganya kikamilifu fahirisi yao ingekuwa 0.80. Ile 0.83 ni hatua tatu tu juu ya hapo. Wenye nacho, ambao wangekuwa 0.20, wako 0.32. Ukisahihisha kwa kuondoa wastani wa mji na kugawa kwa kilichobaki, pande zote mbili zinarudi kwenye 0.15. Kwa hiyo ukiona ripoti inasema maskini wa mji fulani "wamejitenga kwa 0.9", uliza kwanza maskini wa mji huo ni wangapi. Na neno lenyewe "kujitenga" lina kasoro, maana aliyejitenga ni yule aliyejenga ukuta.

Theil (H)

Nitapita haraka. Ukiwa na makundi zaidi ya mawili, kwa mfano wenye nyumba zao, wapangaji wa ghorofa na wapangaji wa mabanda, Duncan hakufikishi. Henri Theil alichukua dhana ya entropia, yaani kiasi cha mchanganyiko, kutoka nadharia ya habari, na mwaka 1971 yeye na Anthony Finizza waliitumia kupima mchanganyiko wa rangi katika shule za Chicago. Inapima kila mtaa umechanganyika kiasi gani ukilinganisha na mji mzima. Sifa yake kubwa ni kwamba inakatika vipande: unaweza kusema sehemu hii ya utengano iko kati ya jimbo na jimbo, na sehemu hii iko ndani ya majimbo yenyewe. Kwa Westlands na Kibra hiyo ni dawa hasa. Tatizo ni kuieleza. Jaribu kufundisha logarithimu kwenye baraza la chifu saa tisa ya jua kali. Itumie kwenye tasnifu, matokeo yake yapeleke mtaani kwa maneno.

Moran: nani kapakana na nani

Panga mitaa yetu minne kwenye barabara moja: Mlimani, Sokoni, Relini, Bondeni. Kisha uipange upya: Mlimani, Bondeni, Sokoni, Relini. D haibadiliki, fahirisi ya kujitenga haibadiliki, H haibadiliki. Kwa vipimo hivyo mji hauna ramani, una orodha tu. Kipimo cha Patrick Moran cha 1950 ndicho kinachoona tofauti, kwa kuwa kinalinganisha kila mtaa na majirani zake. Mpangilio wa kwanza kinaupa 0.41: wanaofanana wameshikana. Wa pili kinaupa -0.91: kila mtaa umekaa na usiyefanana naye. Mitaa minne ni michache mno kwa kutoa hukumu, lakini umeona kinavyofanya kazi. Programu ya GeoDa, ambayo ni ya bure, itakupigia hesabu hiyo, na pia lile toleo la Luc Anselin la 1995 linaloonyesha kwenye ramani ni wapi hasa mitaa imeshikana, badala ya kukupa namba moja ya mji mzima.

Wengi wakifika hapa husema basi, tumepata. Mimi ndipo ninaposita. Moran anapenda mji uliogawanyika kwa mabonge makubwa: matajiri magharibi, maskini mashariki. Nairobi ya 1950 ingempendeza. Nairobi ya leo ina bonge hilo la zamani, na juu yake ina vipande vilivyobanwa mgongo kwa mgongo: Muthaiga na bonde la Mathare, Loresho na Kangemi, Runda na Githogoro. Kila jozi ya namna hiyo inaishusha namba ya Moran. Yaani pale tajiri na maskini wanapotenganishwa na ukuta mmoja tu, penye kidonda kinachoonekana kuliko pote, kipimo kinasoma kwamba mji umechanganyika. Hesabu haikukosea. Umeiuliza swali la mabonge nayo imekujibu la mabonge.

Kupima mpaka wenyewe

Kwa hiyo kuna njia ya tano, isiyo na jina kubwa. Acha mitaa, pima mistari kati yake. Kwa kila mitaa miwili iliyopakana, toa asilimia ya mmoja kwenye ya mwingine. Katika mpangilio wa kwanza wa mji wetu, Mlimani na Sokoni zinaachana kwa alama 10, Sokoni na Relini kwa 22, Relini na Bondeni kwa 6. Mpaka wa mji huo uko kati ya Sokoni na Relini, na sasa unaweza kuuchora kwa wino mzito. Katika mpangilio wa pili, Mlimani na Bondeni zinaachana kwa 38. Jambo ambalo Moran aliliita mchanganyiko, hapa limejitokeza kama jabali.

Kisha vaa viatu. Chagua nukta mbili, moja kila upande wa mpaka, pima umbali wa moja kwa moja, halafu pima umbali wa kutembea. Tuseme moja kwa moja ni mita 300 na kwa miguu ni kilomita 1.8, uwiano ni 6. Kwenye mitaa yenye vichochoro vilivyofunguka uwiano huwa kati ya 1 na 2. Ukifika 4 au 5 kuna kitu kimesimama katikati, nacho kwa kawaida ni ukuta, mto, reli au barabara kuu. Barabara ya Thika ilipokamilika 2012 ikiwa na njia nane, aliyekuwa akivuka kwa kuangalia kulia na kushoto alianza kutafuta daraja la miguu. Aliye ndani ya gari haoni mpaka wowote pale. Kwake ni barabara nzuri.

Ramani ya OpenStreetMap inaweza kukupigia umbali wa kutembea bila kutoka nyumbani, na Kibera ina bahati, kwa sababu vijana wa Map Kibera walianza kuchora vichochoro vyake tangu 2009. Kwingine usiiamini kwa upofu. Programu ya njia hupita geti lisilowekewa alama kana kwamba mlinzi hayupo, nayo hushindwa kuona tundu la uani ambalo watoto wa shule wamelipita miaka kumi. Nenda, tena nenda mara mbili, mchana na saa mbili usiku, kwa sababu geti linalofunguliwa asubuhi wafanyakazi waingie si lazima liwe wazi jioni. Uwiano wa mchana na wa usiku ukitofautiana, ziandike zote mbili.

Udhaifu wa njia hii ni kazi. Huwezi kuifanya kwa mji mzima, na haikupi namba moja ya kulinganisha Nairobi na Kisumu. Kwa mipaka mitano au sita inayokuhusu, hakuna kinachoishinda.

Kwa hiyo wewe uchukue kipi?

Kama una mchana mmoja na jedwali la sensa, piga D na fahirisi ya kujitenga kwenye programu ya majedwali, zote mbili, na uandike ukubwa wa maeneo uliyotumia kwenye sentensi ile ile yenye namba. Mhariri akitaka kuikata sentensi hiyo, kataa.

Kama unalinganisha miaka, kazi kubwa ni mipaka tena. Nairobi ilikuwa na majimbo 8. Kuanzia uchaguzi wa 2013 ina 17, yenye wadi 85. Sensa ya 2009 na ya 2019 hazikutumia maeneo yale yale. Ukipiga D ya kila mwaka kwa mipaka ya mwaka wake, utakachopima ni kazi ya tume ya mipaka. Shusha data zote mbili hadi kata ndogo, zirudishe kwenye mipaka ile ile, ndipo uhesabu. H inafaa hapa, kwa sababu itakuambia kama mabadiliko yametokea kati ya maeneo makubwa au ndani yake.

Kama wewe ni shirika la mtaani na hoja yako ni kwamba bomba kuu linapita kwenye mpaka na halishuki upande wenu, acha fahirisi zote za mji. Peleka pengo la mpaka, umbali wa kutembea hadi kwenye kioski cha maji, na picha. Afisa wa kaunti anaweza kubishana nawe kuhusu 0.47 hadi kesho. Akikuta mita 300 zimegeuka kilomita 1.8, hana pa kushika.

Moran na Anselin nawaachia wenye data ya wadi zote 85 au ya chini zaidi, wenye kutaka kujua ile Nairobi ya mabonge imebaki kiasi gani chini ya hii ya viraka. Ni swali zuri. Ila usiandike namba ya Moran pekee.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo hakuna kanuni kati ya hizi inayolitatua. Sensa ya Kenya ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Nyumba nyingi za Muthaiga, Lavington na Karen zina SQ, chumba cha mfanyakazi nyuma ya jumba kubwa. Anayelala humo na kujipikia huhesabiwa kama kaya yake mwenyewe, bila gari, bila friji, ndani ya ua ule ule. Kwa D, kwa H na kwa fahirisi ya kujitenga, kaya hiyo ni ushahidi kwamba tajiri na maskini wanaishi pamoja, na kadiri nyumba zenye SQ zinavyoongezeka ndivyo mtaa unavyoonekana kuchanganyika. Familia ya mfanyakazi huyo, mara nyingi, inahesabiwa Kawangware au kijijini. Piga hesabu yako mara mbili, pamoja na kaya za chumba kimoja zilizomo kwenye mitaa ya namna hiyo na bila wao, uweke namba hizo mbili kando kwa kando.